Kioo cha kugandamizia karatasi chenye tarakimu 1848: je, ni cha Baccarat kweli?

Bint Pangani
Wanajukwaa, salaam. Naishi Birmingham, Uingereza, na mwezi uliopita nilinunua kwa pauni 35, katika soko la vitu vikuukuu, kioo cha mviringo cha kugandamizia karatasi chenye upana wa sentimita 7.5. Ndani yake mna vijiua vya rangi, yaani vipande vidogo vya kioo vyenye sura ya maua, vilivyopangwa duara ndani ya duara, na katika duara la nje zimo tarakimu 1848. Muuzaji alisisitiza kwamba ni kazi ya Baccarat ya Ufaransa. Naomba kujua namna ya kuhakikisha, na thamani yake, kabla sijakikatia bima.

Mzee wa Vioo
Binti yangu, tarakimu hizo zisikuharakishe. Ni kweli kwamba vioo bora vya aina hii vilitengenezwa Ufaransa kuanzia 1845 hadi kama 1860, na viwanda vya Baccarat, Saint-Louis na Clichy ndivyo ambavyo kazi zake hugombaniwa hadi leo. Lakini Baccarat kwa kawaida iliweka herufi B juu ya mwaka, na mara nyingi mwaka huo umejificha katikati ya vijiua vilivyosongamana, haukai kwa utaratibu kwenye duara. Saint-Louis waliandika SL. Wakati huohuo, viko vioo vingi vya Kiingereza vyenye 1848 ambavyo zamani vilihesabiwa kuwa vya karne ya 19, na sasa wachunguzi wanaviona kuwa vilitengenezwa baada ya 1900, vingine hukohuko Birmingham unakoishi.

Fanya jaribio moja la jikoni. Pima uzito wa kioo kikiwa kikavu, kisha kifunge kwa uzi na ukipime kikiwa kimening'inia ndani ya maji bila kugusa chini. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Kioo cha kawaida kilichotengenezwa kwa magadi (soda), kama kile kilichotumika katika vioo vya kuiga vya Kichina vya miaka ya 1930, hutoa 2.5 hivi, kioo chenye madini ya risasi hufika 3 au kupita.

Fundi Saa
Naongezea kuhusu thamani, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoumia. Tazama sehemu ya juu kwa lenzi: mikwaruzo na vidonda vyenye umbo la nusu mwezi hushusha bei, lakini kusugua upya nako kuna hasara, kwani kila tabaka linaloondolewa hupunguza kuba linalokuza vijiua, na kuba lililobapa mno humwonyesha mnunuzi kwamba kioo kimekwisha kupita kwa fundi. Kisha usisome bei zinazotajwa na wauzaji. Soma bei zilizolipwa mnadani. Kuna kioo cha Kifaransa kilicholipiwa dola 258,500 mwaka 1990, na tangu hapo kila mwenye kioo cha babu yake hujiona tajiri.

Bint Pangani
Ahsanteni sana, wazee wangu. Kikavu kina gramu 480, na ndani ya maji gramu 330. Nimepata 3.2. Herufi B sikuiona, hata kwa lenzi.

Mzee wa Vioo
Basi China tumeiondoa, maana hicho ni kioo cha risasi. Lakini Waingereza nao walitumia risasi, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakikupeleki Ufaransa. Kwa mwaka uliokaa kwenye duara la nje bila B, mimi ningekiita cha Kiingereza cha karne ya 20. Kipeleke kwa mthamini wa mnada anayeshughulika na vioo, umwombe alinganishe vijiua vyako na vya kazi zinazojulikana, na bima uikate kwa jina atakaloliandika yeye. Kwa pauni 35 hukupunjwa, ila jina la Baccarat usiliandike popote kwa sasa.