Magadi ya Engaruka: tuyakaushe kwa jua au kwa moto?

Mleta mada: Wakuu, kiwanda cha magadi soda cha Engaruka, Monduli, tumekijadili sana kwa ajira na tani. Moto wake utatoka wapi? Magadi ya pale yamo ndani ya maji mazito chini ya ardhi. Lazima yavutwe, yakaushwe, kisha yapite kwenye tanuri. Msilinganishe na Ziwa Magadi la Kenya, ambako jua hukausha ziwa lenyewe na kuacha gamba la kuchimba. Kugeuza tani moja tu ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula joto la uniti (kilowati-saa) zaidi ya 600.

Wanaosema jua ni la bure nawaelewa. Nimekulia Bagamoyo, nimeona mabwawa ya chumvi: maji yanaingizwa, jua linapiga, watu wanakuja na majembe kukwangua. Lakini pale tulipokuwa tukitafuta kaa kwenye mikoko, leo ni matuta ya udongo uliopasuka. Engaruka hakuna mikoko, kuna malisho.

Msimamo wangu: mvuke usiachwe upotee. Ugandamizwe kwa mashine ya umeme, upate joto upya, urudi kuchemsha maji mengine. Hapo uniti 600 zinashuka hadi makumi. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, tuzitumie.

Mchangiaji: Mkuu, mimi nimekesha kwenye boila miaka sita, kiwanda sikitaji. Umeme ukikatika, mashine hiyo inasimama na chumvi inaganda ndani ya mabomba. Tuliwahi kugonga ukoko kwa nyundo kuanzia asubuhi hadi magharibi. Na kabla ya mitambo mipya, tuangalie uzembe: mabomba ya mvuke yalikuwa uchi, maji ya moto ambayo yangerudi kwenye boila yalimwagwa mtaroni, mtaro unafuka moshi usiku kucha. Ule moshi ni mafuta yaliyonunuliwa kwa pesa. Tungezibana hizo tundu kwanza.

Mchangiaji: Ndugu zangu, mimi ni mfugaji. Mradi wa magadi wa Ziwa Natron ulipopingwa mwaka 2007 na 2008, dunia ilipaza sauti kwa ajili ya heroe (flamingo), na ilikuwa haki, maana pale ndipo wanapozalia. Sasa mabwawa ya kukaushia yakimeza uwanda wetu, ng'ombe watasemewa na nani? Wakati wa kiangazi ule uwanda unaoonekana mtupu ndio tunaopitisha mifugo kwenda majini.

Mleta mada: Mzee wangu, hilo la njia ya mifugo sikuliweka, na lina uzito kuliko hesabu yangu ya uniti. Wa boila, nakubali: mabomba yavikwe, maji ya moto yarudishwe, na iwepo boila ya akiba kwa siku za giza. Ila isiwe ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma; malori yakivuka nchi nzima kuleta makaa, tutakuwa tumeokoa nini?

Ninachokitaka kwenye ripoti ya tathmini ya mazingira ni namba mbili, kwa Kiswahili, zibandikwe ofisi ya kijiji: hekta ngapi za mabwawa, na uniti ngapi kwa kila tani ya magadi. Anayeona namba nyingine ni muhimu zaidi aiseme hapa.