Kiharusi au moyo: aspirini apewe nani?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, tunaandaa karatasi ya huduma ya kwanza ya kubandika ukutani kazini. Mtu akizidiwa ghafla, tutajuaje kama ni kiharusi au ni moyo? Na je, aspirini inafaa kwa yote mawili?

Muuguzi_Dharura: Haifai, na hilo liandikeni kwa herufi kubwa. Kiharusi huweza kuwa cha mshipa ulioziba au uliopasuka, na kwa macho huwezi kujua ni kipi hadi kichwa kipigwe picha ya CT. Mshipa ukiwa umepasuka, aspirini inazidisha kuvuja. Maji nayo asipewe; koo likilegea yatampalia.

Mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja wa mdomo umeshuka. Kisha anyooshe mikono mbele, viganja juu, afumbe macho, nawe uhesabu hadi 10. Mkono dhaifu utashuka taratibu huku kiganja kikigeukia ndani. Mwisho arudie sentensi fupi. Akishindwa hata kimoja, pigeni simu ya dharura. Kama ana kisukari na kipimo kipo, mpimeni: sukari ikishuka sana huleta dalili zilezile.

Tabibu_K: Kwa moyo, kifua hubana kama kimelaliwa na mzigo, maumivu yakapanda shingoni, tayani au mkononi, na jasho la baridi likamtoka. Wanawake, wazee na wenye kisukari wengine hawaumwi kifua kabisa. Wanakosa pumzi na kuishiwa nguvu tu, ndiyo maana wanachelewa kuletwa. Huyu ndiye wa aspirini: miligramu 300, aitafune, ikiwa haimdhuru na hatoki damu popote. Mketisheni, asitembee hata kwenda kwenye gari. Akizimia na hapumui, au anakoroma kwa vipindi, moyo umesimama: kandamizeni katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Zamu_ya_Usiku: Asanteni sana. Na mdomo ukipinda, kisha ukarudi sawa baada ya dakika 10?

Muuguzi_Dharura: Hospitali, papo hapo. Saa 48 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili kufuata.

Halafu acheni nafasi ya kuandika saa. Siyo saa mliyomkuta, bali ya mwisho alipoonekana mzima. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo. Aliyeamka na dalili, hesabuni tangu alipokwenda kulala.