Baba anapaliwa kila akinywa maji: ni uzee au apimwe?

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Baba ana miaka 78. Miezi mitatu sasa akinywa maji anapaliwa, kisha sauti inakuwa kama ina majimaji. Mlo mmoja anaumaliza karibu saa nzima, na suruali zimeanza kumpwaya. Mwenyewe anasema ni uzee. Kliniki wanampima presha na sukari, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza anamezaje. Nikienda niombe nini?

Muuguzi wa Wazee: Pole sana. Umri hulegeza misuli ya koo, ila kupaliwa kila siku si jambo la kuachia uzee. Omba apimwe uwezo wa kumeza. Kuna dodoso la EAT-10, maswali 10, kila moja alama 0 hadi 4. Jumla ikifika 3, achunguzwe zaidi. Kuna pia kipimo cha maji: anakunywa kama mililita 90 bila kupumzika, mhudumu akiangalia kama atakohoa, atakatiza au sauti itabadilika. Hicho usimfanyie nyumbani, tafadhali.

Mleta uzi: Asante dada. Kwa hiyo asipokohoa yuko salama?

Kitinda Mimba: Hapana ndugu yangu! Mama alitibiwa nimonia mara mbili na hatukuwahi kumwona akipaliwa. Alikuwa ameugua kiharusi, koo likapoteza hisia, chakula kinapita njia ya hewa kimya kimya. Eksirei ya kumeza ndiyo iliyotuonyesha. Natamani tungeiomba mapema.

Mzee wa Busara: Beba na dawa zake zote. Za usingizi, na zile zinazokausha mate, huzidisha tatizo.

Muuguzi wa Wazee: Kweli kabisa. Kwa sasa ale akiwa amekaa wima, matonge madogo, na asilale mpaka nusu saa ipite. Kinywa kisafishwe vizuri, maana bakteria wa kinywani hushuka na mate hadi mapafuni. Vinywaji msivifanye vizito kwa kubahatisha, anaweza kunywa kidogo mno akaishiwa maji mwilini. Homa, kuhema kwa shida au kushindwa kumeza mate: hospitali siku hiyo hiyo.

Mleta uzi: Nimekaa naye jioni hii nikamuuliza taratibu. Kumbe mchana hanywi maji kabisa, anaogopa kupaliwa mbele ya wajukuu. Imeniuma sana. Jumatatu asubuhi nampeleka.