Titi limekuwa jekundu na ngozi kama ganda la chungwa, sigusi uvimbe wowote, naombeni ushauri

MamaWawili_Mza
Habarini wapendwa. Nina miaka 41, watoto wawili, wa mwisho nimemwachisha ziwa mwaka juzi kwa hiyo sinyonyeshi. Kama wiki 5 zilizopita titi la kulia lilianza kuwa zito na la moto, nikadhani ni sidiria inabana nikabadilisha, wapi. Sasa hivi upande wa chini limekuwa jekundu linaelekea zambarau na ngozi imekuwa nene ina vishimo vishimo yaani kama ganda la chungwa kabisa, na nikivua sidiria usiku alama ya mkanda inabaki imebonyea mpaka asubuhi upande huo tu, wa kushoto hauna kitu. Dispensari wakanipa antibayotiki za siku 7 wakasema ni maambukizi, nimemaliza hakuna mabadiliko, nimerudi wamenipa nyingine na krimu ya kupaka. Wifi yangu ananiambia niweke jani la kabichi. Kila nikijipapasa sigusi uvimbe na ndio kinachonipa moyo kidogo ila usiku silali jamani. Kuna aliyepitia hii?

Bi_Tausi
Pole sana mdogo wangu. Mimi ilikuwa chuchu sio ngozi ya chini, ilikuwa inawasha inatoa magamba kama ukurutu, nikapakaa krimu mwaka mzima inapungua halafu inarudi, upande mmoja tu. Kumbe ni kansa inayoanzia hapo hapo kwenye chuchu, waligundua siku daktari mmoja alipokata kinyama wakapeleka maabara. Nilitolewa titi na leo nina mwaka wa sita nadunda. Usipoteze muda kama mimi.

nesi_wa_wodi4
Dada naomba usome hii taratibu, sikutishi ila siwezi kukuficha. Nafanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, hicho unachoeleza kinatakiwa kionwe na daktari wa upasuaji wiki hii hii, sio mwezi ujao. Maambukizi ya titi yapo hata kwa asiyenyonyesha, lakini dawa ikiwa ndiyo yenyewe ndani ya siku chache unaona wekundu unapungua, yako wiki 5 na dozi moja umemaliza haijasogea. Kuna kansa ya titi ambayo HAITENGENEZI uvimbe wa kushika, ni adimu lakini ipo na inakwenda mbio, seli zake zinaziba vile vimishipa vidogo vya limfu kwenye ngozi, maji yanakosa pa kupita ngozi inavimba, ila pale kwenye vinyweleo inakuwa imeshikiliwa kwa chini ndo maana unaona vishimo. Kwa hiyo kutoshika uvimbe kusikupe usalama dada yangu. Sijasema unayo, simu haipimi mtu. Waombe rufaa ya hospitali ya mkoa au ya kanda, hapo Mwanza Bugando ipo na wanatibu kansa. Ultrasaundi na mamogramu, yaani eksirei ya titi, watakufanyia lakini hata zikija safi usiondoke bila kuuliza kuhusu kinyama, cha ngozi yenyewe na cha ndani ya titi. Waambie tarehe ilipoanza, na mabox ya dawa ulizotumia nenda nayo. Kabichi mwachie wifi apike.

Kakaake_Neema
Naongezea dada usikate tamaa kabla ya majibu. Dada yangu hapa Dar titi lilivimba likawa jekundu hivyo hivyo, likatoboka likawa linatoa maji, familia nzima tulishajua ni kansa tunalia tu, kinyama kikatoka ni TB ya titi. Sikuwahi kujua TB inaingia huko. Alimeza dawa miezi 6 akapona. Lakini bila kile kinyama tungeendelea kubahatisha na antibayotiki mpaka leo.

MamaWawili_Mza
Kinyama kinauma? Na kuna mtu kaniambia ukikatwa kinyama ndo kansa inasambaa, ni kweli?

nesi_wa_wodi4
Si kweli, hayo maneno yamechelewesha wengi wakatujia vidonda vimeshafunguka, inaniuma sana kila nikiyasikia. Wanachoma ganzi kwanza, unaumwa pale sindano inapoingia halafu unahisi kusukumwa tu, kile cha ngozi ni kidogo tu, karibu na punje ya mchele. Nenda na mtu wa kukushika mkono.

MamaWawili_Mza
Mrejesho. Jumatatu nilirudi dispensari na mume wangu nikakataa dozi nyingine nikaomba rufaa, waliandika bila shida. Daktari wa upasuaji aliangalia matiti yote mawili nimenyoosha mikono juu, akapapasa mpaka kwapani, kuna tezi moja kaigusa akanyamaza kidogo. Ultrasaundi nimefanya, na jana wamechukua vinyama, vya ndani na cha ngozi. Iliuma kidogo tu kama ulivyosema nesi. Majibu wamesema nirudi baada ya wiki 2. Bi Tausi naomba uniombee, na kama hutojali nikuandikie inbox usiku nikishindwa kulala.

Bi_Tausi
Andika saa yoyote mwanangu. Simu naiweka chini ya mto wa kulalia.