Kwa nini chombo kinachelewa kukifikia kituo cha anga?

Dereva_Nkuhungu: Wakuu, kituo kiko kilomita 400 juu, pungufu ya Dodoma–Dar. Roketi inafika angani kwa dakika tisa hivi, halafu saa kibao za nini? Si wakanyage mafuta tu?

Fundi redio, Kizota: Kukanyaga ndiko kunakoharibu, mkuu. Ukiongeza kasi unapanda mzingo wa juu, yaani njia ya juu zaidi ya kuizunguka dunia, na huko mzunguko ni mrefu zaidi, kituo kinakuacha. McDivitt, mwanaanga wa Marekani kwenye chombo cha Gemini 4, alijaribu hivyo mwaka 1965, akachoma mafuta bure. Unakaa chini, unazunguka haraka, ukikikaribia ndipo unapanda kidogo kidogo. Kugusana kwenyewe ni sentimita chache kwa sekunde.

Dereva_Nkuhungu: Yaani anayetaka kuwahi apunguze? Trafiki wa Kibaigwa wangefurahi.

Binti_Kongwa: 😂 Soyuz, chombo cha Warusi, ilikuwa inatumia siku mbili. Oktoba 2020 ikatumia saa tatu.

Dereva_Nkuhungu: Wamefanyaje?

Fundi redio, Kizota: Mahesabu makali, na roketi inarushwa sekunde ileile iliyopangwa.