Mnaosema Linux ni bure, tajeni na bei ya bando

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine salaam. Leo sina maneno matamu. Siku 11 mashine ya nyumbani kwangu ilikaa mezani haina intaneti, na karibu kila mjuzi wa Linux (mfumo wa kompyuta unaowekwa badala ya Windows) niliyemuuliza humu kanipa jibu lilelile: fungua terminali, yaani kidirisha cha kuandika amri, andika sudo apt install, malizia na jina la draiva, yaani programu inayoiwezesha mashine kutumia kadi yake ya Wi-Fi. Mashine haina intaneti, mkuu! Hiyo amri yenyewe inakwenda kuchukua draiva kwenye intaneti. Ni sawa na kumwambia mtu aliyefungiwa nje kwamba ufunguo uko chumbani juu ya meza, aingie auchukue.

Nianze mwanzo. Niko Kiomboi, mkoani Singida, nafundisha sekondari. Laptopu yetu ni ya mtumba, ya mwaka 2014, RAM GB 4. Ndiyo ninayoandalia mitihani, ndiyo mama watoto anayotunzia hesabu za VICOBA yao, kikundi cha kuweka na kukopa. Ilikuwa na Windows 10, na huduma ya masasisho yake ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za miaka ya karibuni, yangu haimo. Fundi mmoja akataka 20,000 anipigie Windows 11 ya kulazimisha. Nikakataa. Nimekuwa nikitumia programu za kuvunja leseni miaka yote na nilitaka safari hii niwe na kitu halali nyumbani kwangu, kitu ambacho naweza kumwonyesha mwanafunzi bila kuona haya. Nikawasikiliza ninyi: weka Linux, ni bure, ni nyepesi, hakuna leseni. Jina la niliyoweka silitaji, maana nikilitaja tu mtaanza kugombania ipi bora na mada itafia hapo.

Bure kwa nani? ISO, yaani faili lenye mfumo mzima unaowekwa kwenye flashi, ni GB 6 kasoro kidogo. Kwangu hakuna faiba, kuna simu na bando. Nikanunua bando la usiku, nikaiweka simu dirishani ambako mtandao unakamata, nikawasha hotspoti nikaanza kupakua. Saa tisa usiku ilikuwa imevuka GB 4. Umeme ukakatika. Betri ya mashine ilishakufa zamani, ikazima palepale. Umeme uliporudi kivinjari kikaanza sifuri. Kumbe kwenye kurasa za wanaotoa Linux huwa kuna faili la torenti, ambalo ukikatika katikati linaendelea pale lilipoishia. Nimelijua hilo baada ya kununua bando la pili. Kwenye nyuzi zote za "hatua kwa hatua" nilizosoma, hakuna aliyeliandika, kwa sababu aliyeandika alipakua kwa dakika tano akiwa ofisini kwa mwajiri wake.

Kuweka kwenyewe hakukunisumbua. Picha na faili nilishazihamishia kwenye diski ya nje, nikafuta kila kitu. Kuna mahali kinakuja kisanduku cha kuweka tiki, kinasema kuongeza programu za watu wengine kwa ajili ya kadi ya picha na Wi-Fi. Mmoja wenu alikuwa ameandika kwa kujiamini kabisa: usiweke tiki hapo, hizo zinakula bando, utaziongeza baadaye. Nikamwamini.

Mashine ikawaka, nzuri, ya haraka kweli. Hesabu za VICOBA zikafunguka kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Linux, bila shida. Ila pembeni juu, alama ya Wi-Fi haipo. Siyo kwamba inatafuta ikakosa, haipo kabisa, kama vile mashine haijawahi kuwa na kadi ya Wi-Fi.

Sababu nimekuja kuielewa mwenyewe. Chipu nyingi za Wi-Fi zinafanya kazi na Linux bila wewe kugusa kitu, kwa sababu draiva zake zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Ila kuna chipu ambazo kampuni zilizozitengeneza hazikutoa msimbo wa draiva zake uwe huru. Draiva ya chipu hizo inatolewa imefungwa, inakaa pembeni, inaunganishwa na kerneli baada ya wewe kuweka mfumo, na kerneli ikibadilika inabidi iunganishwe tena. Hili linajulikana miaka mingi. Debian, moja ya matoleo makubwa ya Linux, walilijadili mpaka wakalipigia kura mwaka 2022, na toleo lao la 12, lililotoka Juni 2023, likawa la kwanza kuja na firmwea (programu ndogo za ndani ya vifaa) zisizo huru ndani ya kisakinishi chao rasmi. Walikubali kwamba mtu akikosa Wi-Fi siku ya kwanza, uhuru anaosimuliwa haumsaidii kitu. Hiyo haikumaliza kila chipu, yangu bado ingebaki nje, lakini angalau waliona tatizo lipo. Ninyi huku mnamwambia mtu "google tu".

Tena hawa watu wa Linux zamani walikuwa na huruma kuliko ninyi. Ubuntu, toleo jingine la Linux, walikuwa wanatuma CD kwa posta, bure, mpaka mlangoni kwako, popote ulipo duniani. Wamefanya hivyo mpaka 2011. Aliyebuni mpango ule alijua kabisa kwamba kuna mtu anaitaka Linux na intaneti hana. Mtu huyo hajafa. Yupo Kiomboi, anaandika uzi huu.

Siku ya 11 nilipeleka mtihani kutoa kopi steshenari ya karibu na shule, mashine nimeibeba. Kijana wa pale, form four leaver, nikamsimulia. Akaniuliza: "Mwalimu, umechomeka simu kwa waya?" Sikumwelewa. Akachukua simu yangu, akaichomeka kwenye mashine kwa waya uleule wa kuchajia, akaingia kwenye mipangilio ya hotspoti, akawasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Sekunde tatu, nne. Alama ya mtandao ikatokea juu pembeni. Linux inaiona simu kama waya wa mtandao, haihitaji draiva yoyote ya kuongeza. Basi! Sentensi moja. Ninyi mko humu miaka kumi na sentensi hiyo mmeshindwa kuiandika.

Haikuishia hapo. Nilipoongeza draiva, ikaniambia nitunge paswedi kwa sababu ya Secure Boot, ile kinga inayozuia programu zisizoidhinishwa mashine inapowaka. Nikadhani ni ile ya kuingilia kwenye mashine, nikatunga nikaendelea. Nikawasha upya. Kikatokea kioo cha bluu, Kiingereza kitupu, kinasema bonyeza kitufe chochote, na namba inahesabu kushuka kutoka 10. Mimi namalizia kusoma mstari wa kwanza kuna nini, namba imekwisha, mashine ikaendelea kuwaka. Wi-Fi hakuna. Ukikosa zile sekunde ombi lako linafutika na unarudia upya. Sasa niwaandikie hapa, maana najua yupo mwingine litamkuta: kioo cha bluu kikitokea bonyeza kitufe haraka, chagua Enroll MOK (kuidhinisha ufunguo wa draiva), kubali, ingiza ile paswedi uliyoitunga dakika mbili zilizopita, kisha washa upya. Kama paswedi ina alama za ajabu ajabu itakusumbua, kwa sababu kioo kile kinafuata kibodi ya Kimarekani. Tumia herufi za kawaida na namba.

Wi-Fi ikakubali. Nikaacha hotspoti imewashwa nikaenda kula. Narudi, masasisho yamejipakua yenyewe, bando lililobaki limekwisha lote. Mahali pa kuiambia mashine kwamba mtandao huu unalipiwa kwa MB papo, ndani kabisa ya mipangilio ya muunganisho. Mnapajua. Hamkusema.

Na hili ndilo lililonifanya nije kuandika. Juzi nataka kuifuta ile flashi niliyowekea ISO niitumie kwa kazi za shule. Nikaifungua kwanza nione kuna nini. Kuna folda inaitwa pool, ndani yake restricted. Draiva yangu imo! Kafaili kasikofika hata MB 2, na vifurushi vya programu inavyovihitaji vimo humohumo. Siku zote 11 draiva ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Ningeweka tiki kwenye kile kisanduku ingejiweka yenyewe bila kula MB hata moja. Yule aliyesema tiki inakula bando hakuwahi kujaribu. Aliandika tu.

Mama watoto alikaa vikao viwili vya VICOBA anaandika marejesho kwenye daftari la mkono, wanachama wanamuuliza kompyuta iko wapi. Mimi nilikopa mashine ya mwalimu mwenzangu kumalizia mitihani. Linux yenyewe siichukii, na sirudi nilikotoka. Nina hasira na ninyi mnaoisifia kila siku bila kumwuliza mtu ana mashine gani, chipu gani, umeme wake ukoje na intaneti anapata wapi. Hata ile ya kuwasha kwa flashi kwanza ukaangalia kama Wi-Fi inashika kabla hujafuta Windows yako, hamsemi. Mtu anafuta, ndipo mnaanza kumwuliza modeli ya mashine.

Atakayekuja hapa chini kunifundisha sudo, namwomba kwanza ajibu hili: siku ile unaweka Linux mara ya kwanza, intaneti uliipata wapi, na nani aliilipia?