Hekalu la Makalasinga Makindu: ni kweli msafiri hulishwa bure?

BintiLikoni: Asalam aleikum jamani. Wiki ijayo twaenda Nairobi kwa gari, mimi, mume wangu na mamake. Kila mtu aniambia, "Simameni Makindu kwa Makalasinga, mtakula bure." Bure vipi? Nani alipa? Na sisi wenye mabuibui twaingiaje hekaluni kwa watu? Nyama yao je, achinja nani?

Kaka_wa_Kisauni: Bure kweli dada. Vaeni ndara tu, viatu vyavuliwa mlangoni.

DerevaMstaafu: Waaleikum salaam mwanangu. Nimevuta trela kutoka Kilindini hadi Malaba miaka mingi, na Makindu ndipo nilipokuwa nikishika breki. Ya nyama ondoa shaka, haipikwi kabisa. Utapata chapati, dengu, mboga na chai ya maziwa. Toka Mombasa ni kama kilomita 320, kwa hiyo mama mkwe mpe kitu Voi, asingoje.

Lile gurudwara, yaani hekalu lao, lilijengwa 1926, lakini asili yake ni hapa kwetu. Reli ilianzia Mombasa 1896, na Mwingereza akaleta vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab. Makalasinga walikuwa maseremala, wahunzi na waashi. Reli ikafika Kisumu 1901, wengi wakarudi kwao, wengine wakabaki. Makindu ilikuwa kituo cha kuhudumia injini za moshi, basi mafundi wakajijengea pa kuabudia. Leo injini hizo hazipo, hekalu lipo, na wanaolijaza ni wasafiri.

Anayelipa ni Makalasinga wenyewe, kwa michango yao. Kulisha watu kwao ni ibada tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyefariki 1539. Jiko hilo la bure huitwa langari, na sharti lake ni kwamba wote waketi pamoja wale chakula kimoja, tajiri na maskini, wa dini yoyote. Husimuliwa kwamba hata Akbar, mfalme wa Bara Hindi, alipokwenda kumwona Guru Amar Das, guru wao wa tatu, aliketi kwanza akala na watu. Nami nimekula pale ubavuni mwa bwana mwenye gari la kifahari, sote tukichovya dengu.

Kichwa lazima kifunikwe. Ushungi wako watosha, mumeo atapewa kitambaa. Sigara na pombe marufuku. Utingo wangu alikuwa akibaki barabarani mpaka amalize kuvuta. Ukumbini kuna kitabu chao, Guru Granth Sahib, nao hukisujudia. Wewe hulazimishwi, waweza kwenda moja kwa moja kwenye chakula.

Kinachonikera ni watu wetu wanaojaza sahani kama wako harusini, kisha wakaacha nusu. Chukua kidogo, ongeza.

Kaka_wa_Kisauni: Mzee, mbona mie naona aibu kula bila kutoa kitu?

DerevaMstaafu: Sanduku la sadaka lipo, tia unachoweza. Huna? Kaoshe vyombo. Kwao kazi ya mikono nayo ni ibada, na hutaulizwa jina.

BintiLikoni: Shukran sana baba. Na tukichelewa, pa kulala papo?

DerevaMstaafu: Vyumba vya wageni vipo, ila wikendi na sikukuu hujaa. Ulizeni mapema mkifika.